Ufunguo Wangu Ulilala kwa Jirani

Vijana wa karakana za Katwe, hapa Kampala, mmenisumbua tangu siku niliyofunga mlango wangu mara ya mwisho. "Mzee Barasa, tuandikie. Tuambie ulivyodumu miaka yote hiyo bila bosi." Naona mnataka maneno ya kutia moyo, yale ya kubandika ukutani. Poleni, sina. Macho yangu yameliwa na moto wa kuchomelea, naandika herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza, na kwa taabu hii yote sitapoteza wino kuwapaka mafuta. Nitawaambia habari ya ufunguo, ya jirani yangu Otim, na ya mkewe Adong. Mkitaka maneno matamu nendeni Nakivubo kwa wauza simu, wale wamejaliwa.

Nilivuka mpaka kutoka kwetu Kenya baada ya vita vya themanini na sita, wakati Kampala ilikuwa mji usio na milango. Sisemi kwa mafumbo. Milango ilikuwa imeng'olewa, madirisha yameng'olewa, hata mabati ya vyoo yalikuwa yamekwenda na waliokwenda. Mtu aliyejua kukata chuma na kukiunganisha hakuulizwa cheti. Mimi kazi nilijifunza nyumbani, katika karakana ya kiwanda, chini ya msimamizi aliyesimama nyuma yangu mchana kutwa akinipumulia shingoni. Nilimchukia mtu yule. Nikaapa kwamba nikipata kibanda changu, hakuna mwanadamu atakayenipumulia tena.

Kibanda nikapata, huku huku bondeni, mahali ambapo maji ya mvua huingia bila kubisha hodi. Mashine yangu ya kuchomelea ilisukwa palepale Katwe kwa nyaya za shaba zilizotolewa kwenye mota zilizoungua, na ilinguruma kama ng'ombe anayeumwa tumbo. Nilikuwa na jiriwa, nyundo, tindo, tupa iliyokwisha meno, na miwani nyeusi yenye ufa. Siku ya kwanza nilifungua alfajiri, nikafagia, nikapanga vyuma kama mtu anayengoja askofu. Wiki chache baadaye nilikuwa nafungua jua likiwa utosini. Mwezi wa pili mama wa chai alikuwa ameshanitengea kiti changu, na nilikuwa nacheza mweso, bao la huku, kuwashinda Waganda wenyewe.

"Ssebo, mrango wangu iko wapi?" mama mmoja wa Mengo alikuwa akija kuuliza.

"Kesho, nnyabo."

"Banange! Hii kesho ya Mukenya haina mwisho?"

Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Ukiacha kazi ya mtu ukajiajiri, bosi wa kwanza unayempata ni yule mvivu aliyemo ndani yako, na huyo hukupa likizo kila unapoomba. Hupigi saini popote, hakuna king'ora, hakuna wa kukukata mshahara. Unaoza polepole huku ukijiona mtu huru.

Ng'ambo ya njia, kibanda kikitazamana na changu, alikuwepo Otim. Alikuwa mtu wa kaskazini, Mwacholi, mrefu, kimya, aliyekuwa fundi wa gereji ya polisi chini ya serikali iliyoanguka. Vita vilipokwisha hakuitwa tena kazini, na hakwenda kuuliza kwa nini. Alibaki na suruali za kaki, na kila asubuhi zilikuwa zimepigwa pasi kana kwamba inspekta atapita. Sisi wawili tuliongea Kiswahili, na tulikiongea kwa sauti ya chini, kwa maana mjini mle Kiswahili kilikuwa bado lugha ya askari wa vizuizi vya barabarani. Mama akikisikia nyuma yake alikumbatia mkoba.

Siku moja Otim alivuka njia akanisimamia nikiwa kwenye mweso.

"Mukenya, wewe iko na kazi?"

"Ninayo, afande."

"Iko wapi?"

Nikamwonyesha kibanda changu kwa kidole. Akakitazama, akanitazama mimi.

"Ile ni nyumba. Mimi nauliza kazi."

Watu wakacheka. Nilitaka kumjibu, lakini alikuwa ameshaanza kueleza, taratibu, kama anayesoma amri ya kituo. Kule polisi, akasema, stoo ya bunduki ilikuwa na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwake na mwingine kwa mwenzake. Hata mkubwa aje na makelele namna gani, mtu mmoja hawezi kufungua. "Sasa hapa Katwe kila mtu najifungulia, najifungia. Ndiyo maana wote nalala." Akatoa ufunguo wa kufuli yake, akauweka kiganjani mwangu. Kisha akanyoosha mkono wake na kungoja ufunguo wangu.

Utaratibu ulikuwa rahisi hivi. Ufunguo wangu ulikaa kwake, ufunguo wake ulikaa kwangu. Jioni kila mtu alibana kufuli yake, maana zile za kubana hazihitaji ufunguo. Asubuhi mimi namfungulia yeye, yeye ananifungulia mimi, na asiyekuja amemfungia mwenzake nje. Niliona ni mchezo wa watu wazima wasio na kazi. Hata hivyo nikampa wangu.

Kesho yake nilifika kwa wakati wangu wa siku zote. Nikamkuta Otim amesimama mbele ya mlango wake uliofungwa, mikono nyuma, kaki imenyooka, na mteja wake amekaa chini kwenye tofali akinitazama kama mwizi. Hakunitukana. Laiti angenitukana! Alinisubiri nimfungulie, ndipo akavuka njia kuja mlangoni kwangu, akasimama na ufunguo wangu mkononi bila kuuingiza.

"Wewe nafanya nini leo?"

"Nitashughulikia mlango wa yule mama."

"Shughulikia ni nini? Mimi hapana jua hiyo kazi."

"Nitakata fremu."

"Nakata. Halafu?"

"Nitaunganisha pembe zake."

"Bawaba?"

"Bawaba kesho."

"Kale, sawa," akasema, na ndipo akafungua.

Jioni akarudi. "Ripoti." Nikaanza kumweleza nilivyochoka. Hakusikiliza. Aliinama akatazama sakafu yangu: vipande vya chuma vilivyokatwa, vichwa vya vijiti vya kuchomelea, magamba meusi yanayobanduka kwenye kiungo. Ilikuwa haba. "Mdomo ni mali yako," akaniambia. "Sakafu hapana." Tangu siku hiyo sikumdanganya, si kwa sababu nilikuwa mtu mwema, bali kwa sababu hapakuwa na njia.

Mtu havunji kufuli ya mwenzake. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria nyingine. Mtu asipokuja, unamfuata aliko. Asubuhi moja pombe ya waragi ya jana ilinishika kitandani, na nilichosikia ni fimbo juu ya mlango wa chumba changu na sauti ya Otim: "Mukenya! Mimi nataka kazi yangu!" Majirani wote walitoka. Nilitafuta suruali mbele ya hadhara ile, mwenye nyumba akinionyesha ilipoangukia. Bambi, masikini mimi, hata leo nikikumbuka masikio yanapata moto. Sikulewa tena siku ya kazi.

Mnauliza siri. Ndiyo hiyo. Mpe ufunguo wako mtu asiyekuogopa na asiyekupenda kupita kiasi, na kila asubuhi mwambie neno moja linaloonekana kwa macho. "Nitajitahidi" si kazi. "Nitakata fremu" ni kazi. Na akikuambia umekosea, usimwonyeshe rangi. Niliwahi kuchomelea bawaba za geti la mfanyabiashara mmoja kwa vijiti vilivyolowa mvua. Kiungo kikajaa vitundu ndani, ila juu kilikuwa kizuri, na rangi ingeficha. Otim akagonga kwa nyundo, akasikiliza.

"Hii iko na usaha ndani."

"Mteja hataona."

"Mimi nimeona."

Kesho yake alikataa kufungua mlango wangu hadi niseme kwa kinywa changu kwamba kazi ya leo ni kukata bawaba zile na kuanza upya. Nilimwita majina ya kikwetu ambayo kwa bahati hakuyajua. Kisha nikazikata. Wateja wakaanza kuja wenyewe, na milango ya Barasa na Otim ikasimama toka Katwe hadi Luzira.

Halafu ukafika wakati milango ikapungua na misalaba ikaongezeka.

Vijana, nyinyi mmeikuta dawa. Sisi tuliukuta ugonjwa. Tuliuita silimu, kwa kuwa ulimkondesha mtu hadi nguo zikamvaa yeye. Ulipita Kampala nyumba kwa nyumba. Mteja aliyekuletea vipimo vya dirisha mwezi huu, mwezi ujao nduguye alikuja na jina lake kwenye karatasi. Tulikata vyuma bapa, tukaviunganisha mkono na mguu, tukaandika jina kwa matone ya moto, tukapaka rangi ya fedha. Nasema kwa uchungu: kazi haikukosekana. Nilikuwa nakula ugali wa misalaba, na nilimshukuru Mungu mezani kwa ugali huo, sijui yeye alinisikiaje.

Mimi ilifika mahali nikawa naifanya haraka haraka, macho yamegeuzwa pembeni. Otim akaweka guni, kile kipimo cha pembe, kwenye kona ya msalaba mmoja wangu, akaona umeinama. "Huyu mteja hapana rudi kulalamika," akasema. "Kwa hiyo hii lazima nanyooka kuliko geti." Nikaubomoa.

Kisha shingo ya Otim ikaanza kulegea ndani ya kola. Mkanda ukatobolewa tundu jipya, halafu jingine. Sikuuliza. Mtu hakuulizwa jambo lile. Ulitazama ukajua, na yeye akajua kwamba umejua. Aliendelea kuja. Alifika na ufunguo wangu, nikamfungulia mlango wake, nikamuuliza anafanya nini leo, na jibu likawa linapungua kila wiki. Nakata. Baadaye napiga tupa. Baadaye napaka rangi. Asubuhi moja akaniambia, "Leo nakaa."

"Kukaa ni nini?" nikamuuliza. "Mimi hapana jua hiyo kazi."

Alicheka hadi kikohozi kikamshika, nikambeba kwa kwapa hadi kwenye pipa lake la kukalia. Nilikuwa nimetania, jamani, lakini naona alilichukua neno lile akaenda nalo nyumbani. Kwa sababu alipokuja siku iliyofuata alikuwa na mkewe.

"Leo nafanya nini?" akajiuliza mwenyewe kabla sijafungua mdomo. "Leo nafundisha."

Adong alikuwa mfupi, mpana, binti wa mwanajeshi, aliyelelewa kambini kati ya watoto wa Kiislamu na wa Kikristo, na Kiswahili chake kilitupita sote wawili. Alikuwa akiuza mukene, dagaa wa huku, sokoni. Otim alikaa juu ya pipa, akamvalisha miwani, akamwonyesha jinsi ya kugusa chuma kwa ncha ya kijiti na kukiinua kabla hakijanasa. Kijiti kilinasa siku nzima. Wiki hiyo hiyo mwanga wa moto ulimpiga macho, akalala na vipande vya viazi machoni kama sisi wote tulivyowahi kulala. Asubuhi alikuja na macho mekundu. Mafundi wakakusanyika kutazama.

"Banange, mwanamke anachomelea!"

"Sogea karibu," Adong akamwambia yule aliyesema, "nikuchomelee huo mdomo."

Otim alinieleza sababu ya haraka yake ya kumfundisha. Walikuwa na mtoto mmoja, Aber, msichana aliyekuwa shule ya bweni. Na alikuwepo kaka mkubwa wa Otim, Okot, mlinzi wa bohari moja, akikaa Luzira, mtu aliyekuwa akihesabu siku za ndugu yake kama anayengoja mvua. "Mimi nikienda, Okot nakuja," Otim akasema. "Nachukua mashine, nachukua mke, narudisha mtoto kijijini. Na kule nyumbani sasa hivi nani nakaa? Vita. Kama kibanda iko kimya, nachukua. Kama iko na mtu anafanya kazi, labda naona haya." Akanishika mkono. Mkono wenyewe ulikuwa mifupa na moto. "Huyu mwanamke, wewe uliza yeye kila asubuhi. Usimwonee huruma. Huruma inalaza mtu."

Nikamwahidi. Ningefanya nini?

Alikufa wakati wa mvua. Barabara ya kwao ilikuwa haipitiki kwa risasi, tukamzika ugenini, kwenye makaburi ya mjini, na kwa Mwacholi hilo ni jambo zito kuliko kifo chenyewe. Msalaba tulitengeneza pamoja, Adong akiandika jina. Nililia nikiwa ndani ya miwani nyeusi. Miwani ile ina faida nyingine ambayo hamkufundishwa.

Okot alikuja kabla udongo haujakauka. Alinikuta asubuhi kwenye njia yetu, mimi na Adong tukiwa tumesimama, ufunguo wa kibanda cha Otim mkononi mwangu, na wangu mkononi mwa Adong.

"Lete hiyo," Okot akasema. "Mimi ndiye kaka. Vitu vya marehemu ni vyangu, na huyu pia yuko chini yangu."

Nilikuwa mgeni, Mukenya, mtu wa kabila jingine. Katika mambo ya ukoo wao sikuwa na mdomo. Nilichokuwa nacho ni swali moja tu.

"Ufunguo huu hupewa mtu wa kazi, mzee. Wewe leo unafanya nini?"

"Nafanya nini? Nachukua mashine!"

Nikamgeukia Adong. "Na wewe, mama?"

"Nachomelea fremu ya dirisha la mwalimu," akasema. "Halafu nakata nondo zake. Kupaka rangi ni kesho."

Nikaenda nikamfungulia Adong. Mafundi walipiga makofi, hata wale waliokuwa wakimcheka. Okot aliondoka akitema mate. Najua mngependa niishie hapo. Ingekuwa hadithi nzuri, na mimi ningekuwa mtu mkubwa ndani yake.

Jumapili, sisi tukiwa kanisani, Okot alirudi na vijana na msumeno. Walikata kufuli. Walibeba mashine, jiriwa, nyundo, nyaya, hata lile pipa alilokuwa akikalia ndugu yake. Ile haya aliyoitumainia Otim hakuiona. Jumatatu nilimkuta Adong amesimama mbele ya mlango unaoning'inia, ufunguo wangu mkononi. Mimi nilikuwa na ufunguo wa kufuli ambayo haipo.  Nilitaka kumwambia pole. Nikakumbuka nilichoambiwa kuhusu huruma.

"Leo unafanya nini?"

Alinitazama kwa chuki, naapa, kwa chuki ya kweli. Kisha akageuka akatazama mlango wake.

"Nachomelea kitasa cha mlango wangu. Kwa mashine yako, wewe ukinywa chai."

Tukawa na mashine moja kwa vibanda viwili. Jaribuni hilo kabla ya kulalamika kwamba umeme umekatika. Yeye akichomelea, mimi nakata. Mimi nikichomelea, yeye anapiga tupa na kupaka rangi. Ukichelewa kumaliza kukata, mwenzako amekaa bure na mashine inapoa, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuchelewa. Adong alikuwa mgumu kuliko mumewe. Otim alitazama sakafu. Adong aliiokota sakafu, akaigeuza mkononi, akaniuliza kwa nini nimetupa kijiti kikiwa bado kirefu. Tuligombana kama wake wa mume mmoja. Kuna wiki tuliulizana maswali yale mawili tu, asubuhi unafanya nini, jioni umefanya nini, na mengine yote tulinuniana. Kazi ilikwenda. Okot alikuja mara moja tena kumdai mke, akamkuta na miwani usoni na moto mkononi, akarudi Luzira. Aber akasonga darasa hadi darasa.

Miaka ile ilikuwa mizuri, ijapokuwa hatukuiita hivyo. Dawa ilikuwa bado haijatufikia watu kama sisi. Na silimu haikuwa imemsahau Adong. Ilikuwa imekaa tu ikimtazama anavyofanya kazi.

Nilianza kuona kwenye mikono. Mstari wake wa moto, ambao ulikuwa umelala sawa kama mshono wa cherehani, ukaanza kuyumba. Akaanza kuja kwa boda badala ya miguu, amevaa sweta juani. Aber alikuwa katika mwaka wake wa mwisho wa sekondari. "Nataka akae kwenye kiti cha mtihani akiwa mtoto mwenye mama," Adong aliniambia, macho kwenye chuma. "Baada ya hapo Mungu afanye lake." Hilo ndilo lilikuwa limebaki, na sote wawili tulilifanyia kazi. Nilichukua vyuma vizito vyote bila kusema, na yeye akanigombeza kwa kuvichukua, halafu akaacha kunigombeza, na hapo nikaogopa.

Siku ambazo mtihani ulikuwa umeanza, asubuhi moja Adong alishuka kwenye boda akishikiliwa na dereva. Akanifungulia mlango wangu. Nikasimama mbele ya wake.

"Leo unafanya nini, mama?"

"Msalaba."

"Mteja gani?"

"Mimi."

Nilikasirika. Sijawahi kukasirika vile, hata siku ya Okot. Nikamwambia sifungui. Nikamwambia ni uchuro, ni dhambi, mtu hajichimbii kaburi, nitafanya mimi siku ikifika na isifike. Niliutia ufunguo mfukoni. Mama wa chai akageuza uso.

Adong alijishikilia kwenye fremu ya mlango hadi pumzi zikarudi. "Barasa," akasema, na hakuwahi kuniita hivyo, daima nilikuwa Mukenya. "Sheria inasema ufunguo hupewa nani?"

Niliukaza ufunguo mfukoni.

"Mimi nimekuja kazini. Nimekwambia kazi ninayofanya, na ni kazi inayoonekana. Fungua."

Nikafungua.

Alifanya kazi siku nzima, akipumzika chini kila mara na kuamka tena. Nilimshikia vyuma kwa koleo visicheze, kwa kuwa mikono yake ilikuwa inacheza.  Aliweka guni kwenye pembe, akaona sawa, akaweka tena. Jina aliliandika mwenyewe, tone kwa tone, na mwaka wa kuzaliwa chini yake. Jioni alikaa akiwa ameegemea ukuta, akanitazama, akaendelea kunitazama, hadi nikaelewa kwamba anangoja kuulizwa.

"Umefanya nini leo?" nikamuuliza.

"Msalaba umekwisha. Jina limekaa. Nimebakiza tarehe moja," akasema. "Hiyo ni kazi yako. Usiipindishe."

Aber alimaliza mtihani. Alirudi nyumbani na sanduku lake, akamkuta mama hai, akamwogesha na kumlisha uji kwa muda ambao Mungu aliwapa, nao haukuwa mrefu. Asubuhi aliyoniletea habari ya msiba, alinipa tu ufunguo wangu.

Nilijifungulia mwenyewe. Niliweka msalaba juu ya meza, nikawasha mashine, nikavaa miwani. Sikuona kitu kwa muda, nikavua, nikafuta, nikavaa tena. Tarehe si kazi kubwa. Fundi mzuri huimaliza kabla chai haijapoa. Mimi ilinichukua mchana wote. Namba ya mwisho imekaa upande kidogo, mkienda makaburini mtaiona. Nikapaka rangi ya fedha, nikafagia magamba, nikabana kufuli, nikasimama pale njiani kama mjinga hadi mama wa chai alipokusanya vikombe vyake na kuniaga.

Jioni hiyo hakuna aliyeniuliza nimefanya nini.